Maswali ya Wasomaji: Mbwa Wetu Anakaribia Kuzaa

SWALI: Mbwa wetu alipandwa wiki nane zilizopita na huu ndio uzao wake wa kwanza. Daktari wa mifugo yuko mbali, na jirani anatushauri tununue kabisa sindano ya kuleta uchungu wa kuzaa. Nitajuaje siku imefika, na mimi nifanye nini? – Msomaji, Kibaha

JIBU: Sindano hiyo iacheni dukani. Dawa iliyomo, oksitosini, hukaza mfuko wa uzazi. Ikichomwa wakati mtoto amekaa vibaya au njia haijafunguka, mfuko unaweza kupasuka mkawapoteza mama na watoto. Wa kuamua ni daktari, tena baada ya kumpima.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Hata 58 au 68 ni kawaida. Kuanzia siku ya 57 mpimeni joto asubuhi na jioni, kipimajoto kikipakwa mafuta ya mgando na kuingizwa njia ya haja kubwa. Kwa kawaida husoma nyuzi 38 na kitu. Likishuka chini ya 37.2, tegemeeni uchungu ndani ya saa 24. Atasusa chakula, atahema, atatetemeka, atachimbachimba matandiko. Hali hiyo huchukua saa 6 hadi 12, na kwa mzao wa kwanza yaweza kufika 24. Watu wasijazane bandani: mbwa mwenye hofu huzuia uchungu.

Wekeni karibu taulo, iodini, saa na daftari, pamoja na mkasi na uzi vilivyochemshwa. Mtoto hutoka akiwa ndani ya utando. Mama huuchana, humlamba na kukata kitovu kwa meno. Akizubaa hata dakika moja, uchaneni ninyi mkianzia puani, mfuteni mdomo, kisha msugueni mgongo kwa taulo, kichwa kikielekea chini, mpaka alie. Msimrushe wala kumzungusha hewani, ubongo wake utaumia. Kitovu kifungwe uzi sentimita 2 kutoka tumboni, kikatwe mbele ya fundo, upande usio wa tumbo, kipakwe iodini. Wengi hutanguliza miguu ya nyuma. Kwa mbwa hilo si kasoro. Hesabuni makondo ya nyuma: kila mtoto na lake. Likibaki ndani, huoza na kumletea mama homa na uchafu unaonuka.

Saa ndiyo kazi yenu kubwa. Akisukuma kwa nguvu dakika 30 bila mtoto kutoka, au zikipita saa 2 tangu mtoto aliyetangulia na bado kuna watoto tumboni, mpigieni daktari. Ute wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza maana yake kondo limebanduka na mtoto anakosa hewa: hapo msisubiri. Baada ya mtoto wa kwanza, rangi hiyo ni ya kawaida. Kwa kuwa daktari yuko mbali, pangeni usafiri leo, msingoje usiku wa manane.

SWALI: Watoto sita wa mbwa wetu walizaliwa wazima, wawili wakafa siku ya pili ingawa tuliwanywesha maziwa ya ng'ombe. Tumekosea wapi? – Msomaji, Njombe

JIBU: Poleni. Kwa hali ya hewa ya huko, baridi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mtoto wa mbwa hawezi kujitia joto wiki za mwanzo, na akipoa utumbo wake husimama. Maziwa hulala humo humo bila kusagika. Mpasheni joto kwanza, polepole, ndipo anyonye. Maziwa ya ng'ombe nayo ni mepesi mno kwa mbwa na huwaharisha.

Pale wanapolala pawe na nyuzi 30 hivi. Funga chupa ya maji ya moto kwa kitambaa kizito, iweke upande mmoja wa sanduku ili anayeona joto limezidi ajisogeze. Jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba kilichofungwa, moshi wake usioonekana unaua mbwa na watu. Hakikisheni kila mtoto amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 24 za kwanza, maana ndiyo kinga yake. Wanne waliobaki wapimeni kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Asiyeongezeka uzito mwekeni kwenye chuchu za nyuma, zenye maziwa mengi, kabla ya wenzake.