Kabla Hela Haijatoka: Maswali Yenu Kuhusu Laptopu za Mtandaoni

Vyuo vinakaribia kufunguliwa na maswali ya laptopu zilizotumika yamekuwa mengi. Tangazo limeonekana kwenye tovuti ya Jiji, Facebook Marketplace au kwenye kundi la WhatsApp, bei inavutia, na muuzaji ana haraka. Wengi mnauliza mtamjuaje muuzaji mwaminifu. Nawaomba mhangaike zaidi na mashine yenyewe na njia ya malipo, maana tapeli aliyekomaa ana lugha tamu kuliko wauzaji wote wa kweli.

Shikamoo kaka. Niko Mwanza. Nimeona HP EliteBook 840 G5 kwa laki mbili na nusu, wengine wote wanaiuza laki tano kwenda juu. Muuzaji yuko Dar, anasema anasafiri. Anataka elfu hamsini ya kunishikia, nyingine nilipe mzigo ukifika. Elfu hamsini si nyingi, nijaribu?

Marahaba. Usitume. Hiyo elfu hamsini ndiyo biashara yake, laptopu haipo. Kishika uchumba kidogo namna hiyo kinaombwa makusudi, kwa sababu mtu akilizwa elfu hamsini mara nyingi ananyamaza kwa aibu, hapotezi siku kwenda kituoni. Na ukishatuma, haishii hapo. Kesho yake unapokea picha ya risiti ya kifurushi cha basi, jina lako limeandikwa vizuri kabisa, halafu anapiga "mtu wa ofisi ya basi" kusema mzigo umekwama mpaka ulipie bima. Ukilipa bima, kunazuka kingine, na wewe unaona umeshatoa nyingi mno huwezi kuachia njiani.

Mwombe video fupi ya sasa hivi: mashine imewashwa, karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo imelazwa juu ya kibodi, kisha aigeuze usome serial namba iliyo chini. Aliyeokota picha mahali ataanza visingizio: kamera mbovu, yuko kazini, mbona humwamini. Picha za tangazo nazo zipitishe kwenye Google Lens uone kama zimewahi kutumika kwingine.

Lakini hata video nzuri haikuhakikishii kwamba mzigo utafika Mwanza. Tafuta ndugu au fundi aliyeko Dar aende akaikague, alipe akiwa ameishika mkononi. Fundi mpe chake, hutajuta. Na siku yoyote unapotuma hela, soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Kama si la uliyekuwa ukizungumza naye, "hiyo ni namba ya mke wangu" si maelezo ya kutosha.

Muuzaji wangu yuko hapahapa Dar, amekubali tukutane. Anapendekeza ndani ya gari lake, Kariakoo. Kuna shida?

Ipo, dada yangu. Kataa gari. Kutaneni kwenye duka la fundi au mgahawa wenye umeme na watu, mchana, na uende na mtu. Wazoefu wa Kariakoo wanajua habari za watu walionunua simu nzuri wakafika nyumbani na kipande cha sabuni. Kwenye laptopu kinachowekwa ni kigae au ubao wenye uzito unaofanana. Mchezo unachezwa baada ya ukaguzi, wakati wewe umeshatulia. Mmekubaliana bei, anasema "ngoja nikufungie vizuri na chaja yake", mwenzake anakuita pembeni au anapiga kelele kwamba polisi wanakuja, na mkoba unaokabidhiwa siyo ule ulioukagua. Nenda na begi lako. Ukishaikagua mashine, usiiachie tena, iingize mwenyewe, ndipo ulipe kwa simu mkiwa mmekaa meza moja.

Nilikagua mwenyewe kwenye "About", ikaandika Core i7. Fundi kaifungua anasema ni i5 ya zamani. Inawezekanaje?

Inawezekana kirahisi. Windows inasoma jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kutoka kwenye kumbukumbu zake za ndani, na mtu mwenye ujuzi mdogo tu anaweza kuliandika upya. Jina linabadilika, prosesa ni ileile. Kwa hiyo usiishie ndani ya Windows. Zima mashine kabisa, iwashe huku ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa ThinkPad, uingie kwenye BIOS, programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows. Hapo utaona prosesa halisi, kiasi cha RAM na serial namba, ambayo lazima ifanane na ile iliyobandikwa chini. BIOS ikidai nywila na muuzaji haijui, simama uondoke. Kwenye mashine za kiofisi nywila hiyo haitoki kwa kupiga Windows upya, na mtu asiyeijua huenda hakuwahi kuwa mwenye mali.

Hata i7 ya kweli isikubabaishe. i7-2620M ya mwaka 2011 ina kore (viini vya prosesa) mbili; i5-8250U ya 2017 ina nne na inaiacha mbali. Tazama tarakimu zinazofuata kistari: 2620 ni kizazi cha 2, 6300 cha 6, 8250 cha 8, 1135 cha 11. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa ujumla, kizazi cha 8 kwenda juu. EliteBook 840 G3 ya kizazi cha 6 iliyowekewa Windows 11 kwa ujanja itawaka na kufanya kazi, ila isiuzwe kwa bei ya G5.

Anasema betri inakaa saa sita. Nitajuaje?

Fungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandika amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa hapo. Linganisha mistari miwili: "Design Capacity", uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na "Full Charge Capacity", uwezo wake wa leo. Msomaji mmoja alinitumia ripoti yake: 50,000 mWh dhidi ya 18,200. Hiyo ni betri iliyobaki na kama theluthi moja. Si lazima uiache mashine, lakini bei ya betri mpya itoke kwenye hesabu ya muuzaji.

Niko Nakuru. Nimepata MacBook Air M1 kwa elfu thelathini. Imefungwa na iCloud ya mtu, muuzaji anasema fundi yeyote ataifungua.

Angekuwa anaamini hivyo, angeifungulisha mwenyewe na kuiuza ghali. Kufuli hiyo imefungamana na akaunti ya Apple ya mwenyewe na inathibitishwa kwenye mitambo ya Apple, kwa hiyo kufuta diski hakusaidii. Muuzaji halali ataondoa akaunti yake mbele yako, aifute mashine, muiwashe upya ikiwa kwenye intaneti mpaka ifike mwisho bila kudai nywila ya mtu. Laptopu za Windows zilizotoka maofisini zina kisa kinachofanana: unazifuta, unaunganisha intaneti, na jina la kampuni linatokea likikutaka uingie kwa akaunti ya kazini.

Na ndugu yangu, mali ya wizi ikikutwa kwako unaweza kuipoteza pamoja na hela yako, na maelezo polisi utayatoa wewe. Andikianeni karatasi ya mauziano yenye majina, namba za vitambulisho na serial namba. Asiyetaka kuandika, msinunue kwake.

Mimi ndiye ninayeuza. Mnunuzi kaja na bodaboda, kanionyesha ujumbe kwamba kashalipa.

Ujumbe wowote unatengenezwa, hata ule unaoingia kwenye simu yako. Angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu. Hela haipo, laptopu haitoki, hata bodaboda alalamike vipi.

Nimechelewa kusoma. Jana nimetuma laki mbili na namba haipatikani tena.

Pole sana, mdogo wangu. Usijilaumu ukakaa kimya, muda ndio muhimu. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, uwape namba ya muamala, uombe uzuiwe. Kama hela haijatolewa kwa wakala, kuna nafasi. Hifadhi picha za tangazo na mazungumzo kabla hajayafuta. Ripoti namba yake kupitia 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kisha nenda kituo cha polisi ufungue jalada na upewe RB, namba ya taarifa yako. Udanganyifu wa namna hii umo ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ripoti na tangazo lenyewe ili liondolewe, kuna mwingine analisoma leo. Halafu jihadhari: ukilalamika hadharani kwenye makundi, atakutafuta mtu anayejiita mtaalamu wa kurudisha hela, naye ataomba ada kwanza. Usimpe hata shilingi.