Uyoga kwenye shina: usikimbilie kuukwangua

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya kukagua miti, nataka tuzungumzie ule uyoga mgumu unaotokeza kwenye gome kama kibao cha rafu.

Mwaka wangu wa kwanza niliitwa kuangalia mwembe mkubwa uani kwa mama mmoja. Shina lilikuwa na uyoga sehemu tatu, kahawia juu, mweupe chini. Nikauvunja kwa panga, nikapaka rangi, nikamhakikishia kwamba mti umepona. Masika yaliyofuata mwembe ukaanguka na majani yake mabichi tele. Ndani ya shina kulikuwa kweupe na laini, unachambua kwa vidole kama sufi. Haukumwangukia mtu, lakini watoto walikuwa wakicheza pale kila jioni, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Uyoga ule ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi nyembamba ambazo huwa zimekwisha kuenea ndani, pengine kwa miaka, kabla tunda halijaonekana. Kuuvunja ni kama kuchuma embe ukadhani umeng'oa mwembe.

Kwa hiyo gonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia pale penye uyoga, kisha juu, chini na upande wa pili; likivuma kama ngoma, ndani pana uwazi. Tafuta kuvu iliingilia wapi: kovu la moto, jeraha la panga, mizizi iliyokatwa mtaro ukichimbwa. Uyoga ulio chini kabisa, karibu na mizizi, nauogopa kuliko ulio tawini, kwa kuwa hapo ndipo mti umeshikilia ardhi.

Rangi na lami haviuzuii uozo. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo, alionyesha miaka ya 1970 kwamba mti hujenga kuta ndani yake kuuzingira uozo. Ukikata tawi, kiache kile kivimbe kilicho shingoni mwake. Ukilisawazisha na shina, unaiharibu kinga hiyo.

Yale magamba ya kijivu au kijani yaliyoganda kwenye gome ni kitu kingine: kuvu na mwani wanaoishi pamoja, na hawaunyonyi mti. Msimtoze mtu pesa kuyakwangua.

Na mkikuta mti umeshaanguka, tazameni vibao vya uyoga. Upande wa chini wa kibao hukua ukielekea ardhini. Vikiwa vimesimama wima kama sahani kabatini, uyoga ulikuwapo kabla mti haujaanguka; vikiwa vimelala, umeota baadaye.