Usiache dawa kesho, mkuu. Karatasi kwanza!

Mkuu, acha. Yaani acha kuacha.

Nimeusoma uzi wako nikiwa kwenye foleni ya mizani Vigwaza, gari nimezima, na nimeshindwa kunyamaza. Unameza paroksetini, dawa ya sonona, miligramu 20 mwaka na nusu sasa. Daktari kasema utahamia fluoksetini, ndugu yake. Wewe umeamua kwamba kuanzia kesho unaitupa ya zamani, unakaa wiki mbili mtupu, bila dawa, "mwili usafike", ndipo uanze mpya. Halafu ukauliza chakula gani kinapunguza makali, kama bia inaruhusiwa kwenye sendofu ya dada yako, dawa mpya inauzwaje, na kama mambo ya chumbani yatarudi.

Hayo mengine yatasubiri. Hiyo ya wiki mbili mtupu ndiyo iliyonilaza mtaroni kwenye mteremko mkali wa Kitonga na magunia 90 ya viazi. Sisemi kwa mafumbo. Mtaro wa maji, wa zege.

Mimi ni dereva wa fuso, Njombe na Dar. Nilimzika mdogo wangu mwaka 2019, na baada ya hapo usingizi ukakata, moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa, nikawa nalia peke yangu kwenye gari kama mtoto aliyenyimwa andazi. Hospitali wakasema sonona pamoja na hofu, wakanianzishia hiyo hiyo paroksetini. Ilinisaidia, siwezi kuisema vibaya. Ila nilinenepa hadi mkanda wa kiti ukawa unanidai, na kule chumbani taa zinawaka zote lakini injini haishiki. Mke wangu mvumilivu, lakini uvumilivu nao una kilomita zake. Nikaenda kusema. Daktari akasikiliza, akasema sawa, tutakubadilishia, akaandika jina la dawa mpya kwenye cheti, akaita mwingine. Dakika nne. Foleni nje ilikuwa imefika getini, simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Kwa sababu hakuniambia naitokaje ile ya kwanza! Cheti kilikuwa na jina la kule ninakokwenda, njia haimo. Na mimi badala ya kurudi kugonga mlango nikaenda zangu duka la dawa, nikamuuliza kijana wa kaunta.

Yule kijana, Mungu amsamehe, mimi bado. Koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, anaongea kwa uhakika kama anatangaza matokeo ya uchaguzi. "Bro, hizi mbili hazikutani kabisa. Acha hiyo wiki mbili, mwili usafike, ndio uanze hii." Nikamshukuru! Nikamwachia hadi chenji ya soda.

Baadaye ndiyo nikaelewa hiyo habari ya wiki mbili aliitoa wapi. Kuna kundi la dawa za sonona za zamani, vizuizi vya MAO, ambazo wengi wetu hatujawahi hata kuziona. Hizo kweli ukizitoka kwenda dawa kama zetu kuna pengo la siku 14, na ukitoka fluoksetini kwenda kwenye hizo ni wiki 5, kwa sababu zikikutana zinaweza kuua. Kijana aliisikia sheria ya basi akaja kuitumia kwenye baiskeli. Sasa naona na wewe umeandika "nimeambiwa na mtu wa famasi". Nimesoma mstari huo mara tatu, mkuu. Nimeumwa tumbo.

Sikiliza ilivyokwenda. Siku ya kwanza hakuna kitu, nikajiona mwamba. Siku ya pili kichwa chepesi, nikasema mwili ndiyo unasafika huo. Siku ya tatu kichefuchefu, jasho la usiku hadi shuka linakamuliwa, ndoto za vita. Nililia kwa tangazo la sabuni redioni. La sabuni ya kufulia, wala halikuwa na habari ya kusikitisha.

Halafu zikaja shoti. Hizi asiyezipata haelewi. Ukigeuza macho haraka, kushoto kwenda kulia, ubongo unabaki nyuma kidogo, halafu unafika kwa kishindo: zzt! Kama umegusa waya wa feni, ila ndani ya fuvu. Inapita hadi midomoni. Sasa fikiria kazi yangu. Dereva anaishi kwa vioo vya pembeni. Kila nikitazama kioo, zzt. Nikihesabu vioo vya kutoka Makambako hadi Iringa, nadhani nilijiunga na gridi ya taifa.

Mateja wa mtaani kwetu wana neno la hali hii, arosto. Niliona aibu kulitumia kwa dawa ya hospitali. Lakini kwa jinsi mwili ulivyokuwa unadai, mimi na wale vijana tungeweza kukaa benchi moja tukaelewana. Ila daktari alinirekebisha baadaye: wewe si teja, huitamani dawa wala huongezi dozi kujifurahisha. Ni ubongo uliozoea kushikiliwa, umeachiwa ghafla.

Siku ya tano nikashuka Kitonga. Nilikuwa na akili ya kuweka gia ya 2, hilo namshukuru aliyenifundisha. Kwenye kona moja nyuma kuna basi linanipigia honi, nikatazama kioo cha kulia, zzt, zzt, mara mbili mfululizo, na barabara ikainama. Sijui kusema vizuri zaidi ya hapo. Barabara iliinama. Nilipokuja kujua niko wapi, tairi za kushoto zimeingia mtaroni, upande wa mlima. Upande wa mlima, mkuu. Anayeijua Kitonga anajua upande wa pili kuna nini.

Utingo wangu hakuumia, alipoteza kandambili moja tu na hadi leo ananidai. Trafiki akaja akanipulizisha. Sifuri. Akanitazama machoni, "sasa wewe una nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Viazi nusu viliokotwa na wasamaria ambao hawakuvirudisha. Springi, ekseli ya mbele, kreni ya kunivuta: milioni 4 na laki 2. Tajiri akachukua ufunguo bila hata kunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi, ningependa angetukana. Miezi mitano nilikaa nyumbani.

Na hata hapo sikuelewa! Nilijua sonona imerudi. Shangazi yangu alijua ni jini la barabarani, akamleta mzee wa kunisomea. Mwanamume mzima nimekaa kwenye mkeka, nanuka ubani, kila nikigeuza shingo napigwa shoti, mzee anasema "unaona, linatoka hilo". Wiki nzima nyingine ikapotea hivyo.

Mke wangu ndiye aliyenibeba kunipeleka hospitali ya mkoa, kwa daktari mwingine wa akili, mama mtu mzima. Swali lake la kwanza kabisa: "Baba, dawa umeacha lini, na umeachaje?" Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Hukurogwa, na sidhani kama ugonjwa umerudi. Umeacha dawa ghafla." Akanirudisha kwenye ile ile ya zamani, dozi ile ile. Siku ya pili shoti zikapungua, ya nne nikala ugali nikamaliza. Hapo akanionyesha tofauti: sonona ikirudi huwa inanyemelea, wiki kwa wiki. Haiji siku ya tatu na shoti za umeme na kutapika, halafu ikaondoka kwa vidonge viwili. Ukilijua hilo utaokoa nauli ya shangazi.

Akanieleza na sababu, nami nakupa kwa lugha ya barabara. Paroksetini inatoka mwilini haraka, nusu yake inaondoka ndani ya kama saa 21. Fluoksetini ni mzee wa kuaga, yenyewe pamoja na masalia yake inachukua wiki kadhaa kuisha. Ndiyo maana paroksetini ina sifa mbaya ya arosto kuliko nyingi za ndugu zake. Ukiikata siku moja umeshuka mlima kwa nyutro. Na si kila miligramu ni sawa na mwenzake: kutoka 20 kwenda 10 ni mteremko wa kawaida, kona kali ziko chini, kutoka 10 kwenda sifuri, pale ambapo kila mtu anadhani amefika. Miezi ile ya kukaa nyumbani nilisoma hadi mwongozo wa chuo cha madaktari wa akili cha Uingereza wa mwaka 2020, nao unasema kuna watu huhitaji miezi kushuka. Miezi. Yule wa kaunta alinipa sekunde.

Na wewe mchangiaji uliyemshauri mkuu hapo juu "kula leo, ruka kesho", kaa pembeni kwanza. Dawa ambayo nusu yake inaondoka ndani ya siku, ukiruka siku unaipandisha na kuishusha kama lifti mbovu. Arosto kila baada ya siku moja. Nia yako nzuri, lakini hata yule wa koti jeupe alikuwa na nia nzuri.

Sasa kanuni yangu, ninayo moja tu na imenigharimu milioni 4 na laki 2: hupunguzi hata robo ya kidonge mpaka uwe na karatasi. Karatasi yenye tarehe upande huu, miligramu za zamani katikati, miligramu za mpya upande ule, imeandikwa na daktari, na chini ina namba ya simu ya kupiga mambo yakiharibika. Si "utapunguza taratibu". Taratibu si tarehe. Mwambie: daktari, niandikie Jumatatu hii nameza nini, na Jumatatu ijayo nameza nini.

Usiniombe ya kwangu, sitaiweka. Najua kuna mtu ataipiga picha na kuitumia kwa dawa nyingine kabisa. Kuna wanaoshushwa kwanza ndipo mpya inaingia, kuna wanaopishanishwa moja ikishuka nyingine ikipanda, kuna wanaohamishwa siku hiyo hiyo. Inategemea dawa, dozi, muda uliokaa nayo, na mwili wako. Kwangu ilichukua wiki nyingi kuliko nilivyotaka, na mara moja tulirudi nyuma hatua moja kwa sababu shoti zilianza tena, nikapiga ile namba, akasema baki hapo hapo ulipo wiki mbili zaidi. Nikabaki. Hakuna aliyekufa kwa kubaki.

Kingine cha kumwambia ni kila unachomeza, hadi vya maumivu. Madereva wenzangu najua mnaielewa tramadoli. Hiyo ukiichanganya na hizi dawa zetu ni hatari. Katika kuhama ukiona homa, jasho, mikono inatetemeka, misuli inakakamaa, unaharisha na akili inavurugika kwa pamoja, hiyo si arosto ya kuvumilia, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na mawazo ya kujidhuru yakija, vilevile, usiku huo huo, usingoje kliniki, amsha mtu akupeleke. Mimi yalinigusa nikiwa juu ya ule mkeka wa mzee na sikumwambia mtu. Nilikosea.

Na usiendeshe chochote siku za kichwa chepesi. Hata bodaboda. Hata toroli.

Kuhusu chakula, mimi nilikuwa nakula... ah, nilitaka kusema ile karatasi ipige picha umtumie na mkeo. Mimi wangu aliibandika kwenye friji na alikuwa ananisomea kila asubuhi kama orodha ya mahudhurio. Ukiwa na arosto huwezi kujihesabia vidonge mwenyewe, utadhani umemeza kumbe jana.

Foleni imeanza kusogea, wananipigia honi nyuma. Vidonge vya zamani umebakiwa na vingapi? Kama havifiki siku ya kliniki, nenda na cheti chako kesho asubuhi ukaongeze vya zamani, hivyo vipya viache kwenye pakiti. Nijibu leo kabla hujalala, nikifika Kimara nitaangalia.