Keki ya Cheri: Namna ya Kuzuia Cheri Zisizame

Keki yangu ya kwanza ya cheri ilitoka kwenye oveni imeumuka vizuri, juu ina rangi ya dhahabu, na nyumba nzima inanukia. Niliikata mbele ya wageni. Juu ilikuwa keki tupu, na chini kabisa palikuwa na tabaka moja jekundu, zito, linalonata, limegandia karatasi. Mtoto wa kaka yangu alikipindua kipande chake, akakitazama, kisha akaniuliza taratibu, "Shangazi, cheri zimeanguka?"

Zilikuwa zimeanguka kweli. Ya pili nayo hivyo hivyo. Nimeoka keki hii mara nyingi mno tangu wakati ule, na ninachokiamini sasa ni kwamba keki ya cheri hufaulu au huharibika kabla haijaingia motoni, pale unapoziosha na kuzikausha cheri zenyewe.

Ninazungumzia cheri zilizokolezwa sukari, zile nyekundu zinazong'aa, maana ndizo zinazoifaa keki ya kawaida. Hutengenezwa kwa kuloweka cheri ndani ya shira inayozidishwa ukali kidogo kidogo, mpaka sukari ichukue nafasi ya sehemu kubwa ya maji yaliyokuwa ndani ya tunda. Kwa hiyo kila moja ni kidonge cha sukari, kizito kuliko rojo linaloizunguka. Juu yake kuna shira inayonata. Oveni ikipata moto, shira hiyo huyeyuka, cheri inateleza, nalo rojo likiwa bado halijashikana, haina kitu cha kuizuia isifike chini.

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni kuzigaragaza cheri kwenye unga. Niliufuata kwenye ile keki ya pili, zikazama na unga wao. Baadaye nikaelewa kwamba nilizigaragaza zikiwa na shira yake, unga ukageuka gundi nyembamba, basi. Unga husaidia cheri iliyo kavu tu. Sasa nazikata kila moja vipande vinne, naziweka kwenye chujio, nazimwagia maji ya uvuguvugu mpaka vidole vyangu visinate tena. Nikishazichuja nazitandaza juu ya kitambaa safi, nazikandamiza kwa kitambaa kingine, kisha naziacha hapo kama saa nzima huku nikifanya mengine. Usiiruke saa hiyo. Kipande kidogo, kikavu, chenye unga kidogo juu yake hushikwa na rojo. Cheri nzima ni nzito mno, hata uikaushe vipi.

Jambo la pili ni uzito wa rojo. Rojo linalomwagika kama uji haliwezi kubeba tunda. Linatakiwa liwe zito kiasi kwamba ukiinua mwiko linang'ang'ania, kisha linadondoka kwa bonge. Vipimo vyangu vimetulia hapa: siagi gramu 180, sukari gramu 160, mayai 3 makubwa, unga wa ngano gramu 220, lozi zilizosagwa gramu 60, beking poda kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kidogo, maziwa vijiko vikubwa 2, na cheri gramu 200. Sukari nimeipunguza makusudi, kwa sababu cheri zinaleta yao. Pima kwa mizani kama unayo. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa vinatofautiana sana, na keki itakuonyesha.

Lozi usiziache kama unaweza kuzipata na hakuna anayedhurika nazo. Zinanyonya unyevu na kulipa rojo uzito, tena zinaifanya keki ibaki laini kwa siku kadhaa. Isitoshe, mlozi na mcheri ni ndugu wa jenasi moja, Prunus, na harufu ile tunayoiita ya lozi imo pia ndani ya kokwa la cheri. Ndiyo maana ladha hizi mbili zinapokutana huwezi kujua moja inaishia wapi. Mimi naongeza pia ganda la limau lililoparuzwa, ile rangi ya juu tu bila kufikia weupe ulio mchungu, kwa kuwa keki hii bila kitu chenye ukali inachosha kinywa mapema.

Siagi iwe laini, iingie kidole bila kuyeyuka. Ipige na sukari dakika tano kamili mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Punje za sukari ndizo zinazochimba vijishimo vya hewa ndani ya siagi, na beking poda kazi yake ni kuvikuza vijishimo vilivyokwisha kuwapo. Ukilipua hatua hii, hakuna kijiko cha beking poda kitakachokufidia. Mayai yatoke kwenye friji mapema. Yakiwa baridi huigandisha siagi, na mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyoharibika. Likitokea hilo, tia kijiko cha unga uendelee. Ongeza yai moja moja, kisha unga uliochekechwa pamoja na beking poda na chumvi, lozi, ganda la limau na maziwa. Hapa weka mashine kando, changanya kwa mwiko, na ukome mara tu unga mkavu unapopotea machoni. Ukizidi kuukoroga, keki inakuwa ngumu kama mkate.

Kuna hila moja ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya kutia cheri, chota vijiko vitatu au vinne vya rojo tupu, uvitandaze chini ya chombo ulichokipaka siagi na kukitandikia karatasi. Ndipo uchanganye cheri kwenye rojo lililobaki na kulimwaga juu. Hata zikishuka kidogo, zina pa kukaa, na karatasi inabanduka safi.

Chombo changu ni cha duara, sentimita 20. Oveni nyuzi joto 160, rafu ya katikati, saa moja na dakika tano hivi, lakini oveni hazilingani, kwa hiyo anza kuangalia ikifika dakika 55. Dakika 40 za kwanza usifungue mlango. Ikiiva juu kabla ya ndani, ifunike kwa karatasi ya foili. Ukichoma kijiti kikatoka kinanata, choma tena mahali pengine kabla ya kuamua, kwani huenda umetoboa cheri.

Iache ndani ya chombo dakika kumi, kisha itoe ipoe kabisa. Najua harufu inavyoita, lakini keki ya moto hukatika ovyo na cheri huburuzwa na kisu. Kwangu siku ya pili ndiyo siku yake, unyevu umeshasambaa na lozi zimejitokeza. Kwenye chombo kinachofunga vizuri inakaa siku nne bila shida.

Ukiwa na cheri mbichi, keki yake ni nyingine kabisa. Zina maji mengi, kwa hiyo toa kokwa, zifute, usizichanganye ndani. Zipange juu ya rojo zikitazama juu, uziache zishuke zenyewe kadiri zinavyotaka. Zinashuka nusu tu, zinaacha vidimbwi vyekundu juu ya keki, nayo uile siku hiyo hiyo.