Kisu kimekuwa kibogoyo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kisu kirefu cha meno alichoniachia mama. Zamani kilikata mkate bila kuuminya. Siku hizi kinaurarua, na nyanya ndiyo kabisa, zinapondeka. Ncha za meno zimelika, na katikati kuna kipande karibu kimekuwa laini. Kaka yangu anasema visu vya meno havinoleki, nikitupe tu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikitupe. Kisu cha meno kinanoleka, ila si kwa jiwe bapa, maana jiwe hugusa ncha peke yake na kuacha vibonde vilivyo kati ya meno, na makali mengi yamo humo. Mimi nilijifunza kwa hasara. Cha kwanza changu nilikipitisha kwenye kile kinoleo cha vijigurudumu viwili, nikajiona bingwa, kumbe nasaga meno.

Kitazame kwanza kwenye mwanga. Visu vingi vya aina hii vimechongwa upande mmoja. Wa pili ni bapa kama rula. Kunoa ni upande uliochongwa tu.

Tafuta kijiti cha kunolea, cha almasi au kauri, kilichochongoka kama karoti: ukikisogeza mbele au nyuma utapata unene unaojaa kwenye kila kibonde. Ukikikosa, viringisha msasa namba 400 kwenye kijiti cha mbao. Paka maka peni kwenye mteremko wa jino, ulaze kijiti kufuata mteremko huohuo, kisha upige kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali. Wino ukitoka juu tu, umelaza mno. Ukitoka ukingoni tu, umeinua mno. Baada ya mapigo matano au kumi, papasa upande bapa kwa kidole, ukikitelezesha kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kufuata urefu wa makali. Ukihisi kichuma kinakwaruza, yaani ule ukingo mwembamba uliojikunja kwa kunolewa, kibonde hicho kimeiva, hamia kinachofuata. Ndiyo, kimoja kimoja. Weka redio karibu.

Ukimaliza vyote, laza upande bapa kwenye jiwe laini, namba 1000 au zaidi, uvute mara mbili tatu kwa mkono mwepesi kuondoa vile vichuma. Usiinue mgongo hata kidogo.

Sasa pale katikati. Kijiti hakina cha kufuata, kwa hiyo utachonga upya. Pima nafasi ya meno yaliyosalia, weka alama, kisha chimba vibonde kwa tupa ya mviringo ya almasi; tupa ya kawaida huteleza kwenye chuma kilichokomazwa. Kama yaliyokwisha ni meno matatu au manne, ningejitesa. Yakiwa nusu ya kisu, ningempa fundi ayaondoe yote kiwe kisu cha makali ya kawaida, na kikinolewa vizuri mkate kitaukata. Msisitizie tu achovye kwenye maji kila mara anapokisaga kwa mashine. Chuma kikigeuka buluu kimeshapoteza ukomavu, na hakitashika makali tena.

Hukuniambia unakatia juu ya nini. Kama ni sahani, basi ncha zako zimeishia hapo. Tafuta ubao wa mbao kabla hujaanza kunoa.