Kwa nini Diani hujaa Pasaka kisha hupwaya Mei

Dada, umeuliza mbona Diani, ule ufukwe wa watalii kusini mwa Mombasa, ilifurika Pasaka, halafu muda mfupi baadaye hoteli ileile ikawa na vyumba vitupu. Ni hivi: masika yakianza, watalii wa Ulaya hupungua, na safari za ndege za kukodi nazo hupungua. Anayebaki kujaza vitanda ni Mkenya wa bara, na yeye hatazami mvua, anatazama kalenda: likizo za shule, Pasaka, Idi, wikendi ndefu. Tena Idi hufuata mwandamo wa mwezi, kwa hiyo kila mwaka mambo hubadilika. Tangu treni ya SGR, ile reli ya kisasa, ianze 2017, mtu huondoka Nairobi asubuhi na alasiri yuko Mombasa. Wanakuja kwa mkupuo, wanaondoka kwa mkupuo. Shule zikifunguliwa tu, basi.

Mei ndiyo ngumu zaidi: kusi inavuma, mwani unarundikana ufukweni, hoteli nyingine hufunga kufanya ukarabati na vibarua huambiwa wasubiri hadi Julai. Hapo ndipo ninapoumia, maana muuza madafu na mwenye boti hawana hata huyo wa kuwaambia wasubiri. Ukienda katikati ya wiki mwezi huo utapata bei nzuri. Tafadhali nunua kwao.