Kuwaeleza watoto kuhusu sonona ya baba yao

Pole sana, dada. Umeuliza uwaambie nini wanao, wa miaka 4 na 8, maana baba yao ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha haraka, na siku nyingine hatoki kabisa chumbani. Mimi nilikulia katika nyumba ya namna hiyo. Kwetu aliyeumwa ni mama, na hakuna aliyetuambia kitu. Nikajitafutia jibu mwenyewe: amenuna kwa sababu nilivunja kikombe. Hilo nililibeba kwa miaka.

Ukikaa kimya watoto hujaza pengo wenyewe, na mara nyingi hujilaumu. Ndiyo maana ningeanza na hili hata kabla ya jina la ugonjwa: "Si kosa lako. Hukumfanya baba augue, na si kazi yako kumponya." Kisha urudie siku nyingine, mara moja haitoshi.

Mdogo mwambie tu baba anaumwa, ugonjwa unamletea huzuni na uchovu, na wewe upo. Usiseme "amechoka tu", atakuja kuogopa kila mtu anayechoka. Wa miaka 8 mtajie sonona kwa jina lake. Huenda akauliza kama inaambukiza kama mafua (haiambukizi), au kama baba atakufa. Hapo usimkemee, kwanza muulize kilichomfanya awaze hivyo. Na usimwahidi tarehe ya kupona.

Halafu zungumzeni mkiwa mnakunja nguo au mnatembea. Watoto wengi hufunguka zaidi wasipokodolewa macho.